Vichupa Sita vya Safu ya Nne

Hebu mwone anavyokuja. Gari la mkate limesimama mbele ya shule iliyofungwa miaka ishirini iliyopita, honi imeshalia mara tatu, na kutoka kule juu, kwenye njia ya mawe inayopita kati ya nyumba zisizotoa moshi, anateremka mwanamke mfupi wa miaka sabini na mmoja. Amevaa koti la marehemu mumewe, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Kila jiwe analipapasa kwanza kwa ncha ya kiatu kabla ya kulikanyaga. Mikononi ana sinia iliyofunikwa taulo, na ameishika vile watu wanavyoshika kitu cha kanisani. Huyo ndiye Kerana wa Sivodol.

Mimi nilikuwa kwenye usukani. Naitwa Prodan, na huu ni mwaka wa kumi na nne napeleka mkate kwenye vijiji vya milima ya Strandzha, Jumanne na Ijumaa. Nilipoanza, Sivodol nilikuwa nashusha mikate arobaini. Vuli ile ninayowasimulia nilishusha mitano, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa mbwa.

"Haya, daktari amefika," akasema mzee Stoil, aliyekuwa ameegemea mlango wa gari kama kawaida yake. "Amebeba mikojo ya kijiji kizima akapime."

"Wako ningeujua bila kupima, Stoil," Kerana akajibu. "Ungenuka pombe ya rakia kutoka darajani."

Stoil akacheka mpaka akakohoa, na akikohoa unasikia upande mmoja tu, maana pafu la pili alilipotezea jeshini. Kerana akaweka sinia kwenye kiti changu, akafunua taulo. Vichupa saba vya kioo, vile vidogo vya haradali. Kila kimoja kimefungwa shingoni uzi wa sufu, mwekundu na mweupe, ule tunaoufunga mkononi Machi kukaribisha joto, na kila uzi una mafundo.

"Prodan, mwanangu, wewe una macho ya kijana," akasema. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. "Nitazamie. Kipi kina vipande na kipi ni safi?"

Ili mjue kwa nini mtu ateremke na vichupa mpaka kwenye gari la mkate, lazima niseme habari za mwaka wenyewe. Mwaka ule mialoni ilitoa jasho. Si kila mwaka inatoa. Tulikuwa tumekaa miaka sita bila. Ilianza Agosti. Niliegesha gari chini ya mwaloni nikapata usingizi kidogo, nilipoamka kioo cha mbele kilikuwa kimejaa matone yanayonata, ikabidi nitafute maji ya moto. Majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Hata vile vikombe vinavyoshika matunda ya mwaloni vilikuwa vinavuja utamu. Wengine wanaililia mvua. Sisi mwaka wa namna hiyo tunaiombea mvua ikae mbali, isije ikaosha majani.

Ni vidukari wanaofanya kazi hiyo. Wadudu wadogo kuliko punje ya mtama, wanafyonza utomvu wa mti, wanachukua wanachokitaka, na kilichobaki wanakitoa nyuma. Alfajiri, umande ukiwa umelainisha yale matone, nyuki wanakwenda kuyalamba. Jua likipanda matone yanakauka na nyuki wanarudi wamechoka, wamenyonyoka manyoya, weusi wanang'aa kama mbegu za tikiti. Utamu huo wa majani tunauita mana, na kazi ya mana inawazeesha nyuki. Ukiona nyuki wako wamekuwa weusi, unajua ndoo zitajaa.

Kuna mama mmoja wa mjini Burgas alikuja kununua, akamwuliza Kerana asali hii ni ya maua gani. Kerana akamweleza ukweli. Yule mama akarudi nyuma hatua moja. "Kwa hiyo ni mavi ya mdudu?"

"Na yai unalokula asubuhi, dada yangu," Kerana akamwuliza kwa upole, "huwa linatoka wapi?"

Alinunua chupa nne.

Asali yenyewe ni nyeusi. Ukiinua chupa juani unaona wekundu kwa mbali, kama chai iliyosahaulika jikoni. Haina utamu wa kukaba koo; ina ladha ya tini kavu na gome la mti, na mwishoni kitu kama chumvi. Na haigandi. Asali ya maua ukifika Desemba unaichimba kwa kijiko, lakini mana inakaa mwaka mzima ikimiminika. Wanawake waliotoka kujifungua wanapewa, watoto wasio na damu wanapewa, na Stoil alikuwa anakula kijiko asubuhi na kijiko jioni kwa ajili ya lile pafu lake, akichanganya na jozi zilizopondwa. Waliowahi kupiga simu walichukua chupa zote za Kerana kabla Septemba haijaisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo mnunuzi halijui na mfugaji halisahau. Asali hii inayomjenga mtu inamwua nyuki. Majira ya baridi nyuki hatoki nje. Anajishika tumbo miezi mitatu akisubiri siku ya jua. Akiwa amekula asali ya maua, anaweza kujizuia. Akiwa amekula mana, hawezi. Tumbo linamvuruga, anachafua masega, anachafua wenzake, na ndani ya wiki chache mzinga mzima umekwisha. Kwa hiyo Oktoba sisi tuna kazi ya kuchambua: chumba cha juu cha mzinga umesharina, sasa lazima ujue kilichobaki chini ni nini. Kama ni mana, unaitoa yote na kuwapa maji ya sukari haraka, kabla baridi haijafunga. Kama ni ya maua, unawaachia.

Na kwa macho huwezi kujua, maana zinachanganyika. Unapima. Kijiko kimoja cha asali, kijiko kimoja cha maji, viwili vya maji ya chokaa, ile ile tunayopaka ukutani. Unachemsha. Ikiwa kuna mana, vinatokea vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika, vinatua chini. Ikiwa hakuna, maji yanabaki maji.

Enzi za Yanaki, mumewe, yeye alikuwa anainua fremu za masega na Kerana anatazama. Watu wa vijiji vitatu walikuwa wanamletea Kerana vichupa vyao avitazame. Yanaki alikuwa na miaka mitatu kaburini. Fremu iliyojaa ina kilo tatu na zaidi, kila mzinga una fremu kumi, na mizinga ilikuwa ishirini na sita. Alizibeba moja moja kwa toroli. Nilidhani kazi iliyomshinda ni hiyo ya kubeba, na kwamba kunipa vichupa nitazame ilikuwa njia yake ya kupata mtu wa kuzungumza naye dakika kumi. Mafundo kwenye uzi nilidhani ni mila za kikongwe. Kumbe upande mmoja wa uzi mafundo yalikuwa yanataja safu, na upande wa pili yanataja mzinga. Alikuwa anasoma kwa vidole.

Jumanne ile nikatazama vizuri. Nikavinyanyua kimoja kimoja kwenye mwanga, nikatikisa. "Hiki kina vipande. Hiki safi. Hiki, ngoja, kina vipande." Yeye alishika kila uzi akirudia kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekariri.

Sivodol mtandao wa simu unapatikana mahali pamoja tu, kwenye ngazi ya shule. Kwa hiyo simu za Kerana zote tulikuwa tunazisikia, tena alizoea kuweka sauti juu. Binti yake, Malama, anafanya kazi kwenye duka la dawa huko Burgas. Siku hiyo hiyo akapiga.

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Mara ya mwisho umeniuliza mara nne tangu Pasaka."

"Mzee Stoil anashuka kwa mwanawe mwezi ujao. Utabaki na nani huko?"

"Na nyuki."

"Nyuki hawaiti gari la wagonjwa, mama."

Stoil akanong'ona kwa sauti ambayo hata viziwi wangeisikia, "Mwambie mimi pia siiti, simu yangu haina salio."

Malama akasema kwa sauti nyingine, kama mtu aliyepanga maneno yake. "Basi tukubaliane. Nyuki wako wakivuka baridi, sitasema neno mpaka vuli ijayo. Wakifa, Februari, siku ya Mtakatifu Haralampi, nakuja na gari, unafunga nyumba."

"Kila mwaka makundi mawili matatu yanafariki. Hata kwa baba yako yalikuwa yanafariki."

"Nakupa matano. Yakizidi matano, unashuka."

"Matano," Kerana akasema. "Na usiseme kufa, Malama. Wewe umelelewa wapi?"

Maana kwetu ng'ombe anakufa, mbwa anakufa, lakini nyuki hufariki, kama mtu.

Ijumaa akaleta safu ya pili, Jumanne iliyofuata safu ya tatu. Nilitazama. Kati ya mizinga ishirini, kumi na mitatu ilikuwa na vipande. Aliitoa mana yote ile peke yake, akachemsha sukari kwenye sufuria la kufulia, akawalisha. Mikono yake ilikuwa imevimba na mgongo umepinda, lakini alikuwa na furaha ya mtu anayejua afanyalo. "Imebaki safu moja," akaniambia. "Ile ya kijitoni, mizinga sita. Iko karibu na mialoni mikubwa. Hiyo ndiyo ninayoiogopa."

Ijumaa ile kulikuwa na mvua ya barafu. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani chini ya daraja, nikachelewa saa moja na nusu, na vijiji vitatu vilikuwa bado vinasubiri mkate. Stoil hakutoka. Kerana alikuwa amesimama kwenye ngazi ya shule, amelowa, sijui tangu saa ngapi, sinia chini ya koti. Vichupa vilikuwa vimepoa, na mvuke wa mwili wake chini ya lile koti lililolowa ulikuwa umevijaza ukungu. Vyote sita vyeupe kama vioo vya bafuni.

"Nitazamie, mwanangu."

Nikatazama sinia kupitia dirishani. Sikushuka. Sikunyanyua hata kimoja. Kitu cha kufanya kilikuwa kupangusa vioo kwa kidole gumba, basi.

"Safi, shangazi," nikasema. "Vyote safi."

"Vyote sita?"

"Vyote."

Uso wake ukafunguka. Akafanya ishara ya msalaba. "Kumbe nyuki wa kijitoni walikwenda kwenye maua ya vichakani," akasema, "na mimi nawadhania vibaya." Akanipa jozi mfuko mzima, nikamkabidhi mkate, nikageuza gari.

Nilikumbuka jambo hilo nikiwa kijiji cha tatu. Nikajiambia, pengine kweli ni safi. Jumanne nikajiambia nitamwuliza. Jumanne alikuja akiwa amechangamka, amekwisha kufunika mizinga kwa nyasi na maturubai, Stoil yuko pale na mabegi yake anasubiri mwanawe, wote wanataniana, nikaona si wakati wake. Jumanne nyingine barabara ikafungwa kwa theluji. Ndivyo mtu anavyofanya jambo dogo kuwa kubwa.

Majira ya baridi Sivodol nimeyaona kwa dirisha la gari tu, siwezi kusema nayajua. Nilikuwa nafika Ijumaa pekee, wiki nyingine sifiki kabisa. Napiga honi, naona moshi mmoja, halafu baada ya muda naliona lile koti linateremka. Mkate mmoja sasa. Tulikuwa tunasimama kwenye theluji tunazungumza, na nilipotaka kuondoka alikuwa ananiongezea swali. Kule bonde la pili wamechinja nguruwe? Mke wangu goti linaendeleaje? Akiishiwa maswali alikuwa anarudia la kwanza. Siku moja niliwasha gari, nikaangalia kioo cha pembeni, nikamwona bado amesimama pale pale, amegeuza uso upande ambao gari halikuwepo. Alikuwa anaaga sauti.

Mwishoni mwa Januari ikaja siku tatu za jua. Hizo ndizo siku nyuki wanatoka kujisaidia. Theluji mbele ya mizinga inajaa vidoa vya njano, na mfugaji akiviona anamshukuru Mungu. Ijumaa hiyo nilipiga honi hakuja. Nikapanda kwa miguu.

Nilimkuta kwenye mizinga. Alikuwa ameinama, sikio limebanwa kwenye ubao. Anagonga kwa kifundo cha kidole mara moja, anasikiliza. Kundi zima linajibu kwa mvumo mfupi, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha kimya. Hapo anatabasamu na kwenda kwa unaofuata. Safu ya kwanza ilijibu. Ya pili ikajibu. Ya tatu ikajibu.

Sikuhitaji kusikiliza safu ya nne. Kutoka mahali nilipokuwa nimesimama niliona mistari ya kahawia ikichuruzika kutoka kwenye mlango wa kila mzinga, juu ya mbao nyeupe, mingi, kama mtu amerusha matope. Mizinga yote sita. Yeye alikwenda mpaka wa kwanza, akaweka sikio pembeni kabisa na ile mistari, akagonga. Akagonga tena. Hapo ndipo nilipojua haoni.

Aligonga wote sita, kila mmoja mara tatu. Halafu akavua kitambaa, akakaa juu ya toroli lililopinduliwa.

"Wamefariki, Prodan," akasema. "Safu nzima."

"Shangazi, macho yako..."

"Mtoto wa jicho. Yote mawili. Mwaka wa pili sasa." Akanigeuzia uso. "Malama hajui. Akijua, hata makundi mia yakivuka hataniacha hapa siku moja. Usimwambie."

"Sitamwambia."

"Nilikosea wapi?" akajiuliza, wala si mimi aliyeniuliza. "Chokaa niliweka kidogo? Moto haukutosha? Miaka arobaini nimepima mana, leo nakosea sita kwa mpigo."

Neno lilikuwa mdomoni. Nakuapieni lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema, "Twende ndani, utapata baridi."

Haralampi mwaka ule aliangukia Ijumaa. Ndiye mlinzi wa nyuki kwetu. Siku yake asali inapelekwa kanisani na mshumaa umechomekwa mdomoni mwa chupa, na ikishabarikiwa inakuwa dawa ya nyumba kwa mwaka mzima. Wanawake wanaoka mkate wa mviringo, wanaupaka asali, wanakata vipande na kupita mlango kwa mlango, kila jirani lazima apate. Kasisi wetu ana makanisa kumi na moja. Sivodol ilipangiwa dakika kumi na tano. Alikuja, akasoma, akabariki chupa ya Kerana na mizinga yake kwa mbali, akakimbilia kijiji kingine.

Nilifika wakati Kerana anagawa. Alikuwa na sinia ile ile. Anafika kwenye lango lenye kutu, anapapasa nguzo, anaweka kipande cha mkate mweusi kwa asali juu ya jiwe, anaita. "Rusana, Haralampi amefika. Kula upone." Rusana yuko Hispania tangu mwaka sijui gani. "Dimo, wewe na watoto. Kuleni mpone." Nyumba ya Dimo haina paa. Lango kwa lango, majina hakusahau hata moja. Kwa Stoil aliacha vipande viwili, kimoja cha pafu. Mbwa alikuwa anamfuata nyuma akipokea sadaka za majirani wote.

Gari la Malama lilikuwa limeshaegeshwa shuleni, maboksi kwenye kiti cha nyuma. Malama ni mwanamke mkubwa, wa sauti ya chini, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Mangapi, mama?"

Kerana akamwekea kipande cha mkate mkononi kwanza. "Sita," akasema.

Malama akakitazama kile kipande. "Ungesema matano," akasema polepole. "Nisingekwenda kuhesabu. Njia nzima nilikuwa naomba useme matano."

"Leo ni Haralampi," Kerana akajibu.

Malama akanigeukia. "Kaka Prodan, wewe unamwona kila wiki. Niambie kweli. Bado anaiweza hii kazi?"

"Anaiweza."

"Sasa sita hao?"

Hapo nilikwama. Nikisema nilitazama vibaya mimi, swali la pili litakuwa: kwa nini atazame mwuza mkate na si yeye mwenyewe? Na nilikuwa nimeahidi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri. Lakini nawaambieni pia kwamba niliifurahia.

"Baridi," nikasema. "Baridi ilikuwa kali sana."

Kerana akainua uso. Hakuna mfugaji wa Strandzha anayeamini kwamba baridi inawaua nyuki wenye chakula. Aliingia nyumbani, akazima moto, akatoka na kreti la vyombo ambalo Malama alitaka kuliacha na yeye akakataa. Mimi akanipa chupa iliyobarikiwa, na kazi: kila Ijumaa nipande, nigonge mizinga ishirini iliyobaki, nisikilize, nimwambie.

Kwa hiyo ndivyo tulivyofanya. Kila Ijumaa, saa ya mkate, nasimama kwenye ngazi ya shule na simu inalia.

"Wanasemaje?"

"Wote ishirini wamejibu, shangazi."

"Mvumo mfupi au mrefu?"

"Mfupi."

"Vizuri. Mrefu ni msiba, malkia hayupo. Goti la mkeo?"

Stoil alifariki Machi, huko kwa mwanawe. Nilimwambia Kerana kwenye simu, nikasikia lifti ya jengo lao inapanda na kushuka. Malama alishagundua habari ya macho wiki ya kwanza, alipomwona anatafuta swichi ya taa kwa kiganja. Hakugombana naye. Alimpeleka wakamfanyia upasuaji, jicho la kulia Aprili, la kushoto Mei.

"Naona mpaka ufa wa dari," Kerana akaniambia akicheka. "Na Malama amezeeka, mwanangu, hamkuniambia!"

Nilidhani mambo yameishia pazuri. Jumanne wiki hii, nimesimama shuleni kumwachia mbwa mkate wake, simu ikalia, wala haikuwa siku yetu.

"Nimefungua kreti," akasema. "Vile vichupa vya safu ya nne, sikuvimwaga, nilivifunga kwenye magazeti. Malama alitaka kuvitupa. Prodan, chini ya kila kimoja kuna vipande. Vyote sita. Vyeupe, naviona kama ninavyoona mkono wangu."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Nakuuliza kitu kimoja. Vimejitokeza baadaye, kwa kukaa? Au siku ile vilikuwemo? Maana kama havikuwemo, basi mimi ndiye sikuchemsha sawasawa, mkono wangu umeshapotea, na asiyeweza kupima mana hana kazi huko. Nitakaa hapa kwa Malama, sitanung'unika. Lakini kama vilikuwemo, nilipima vizuri. Na macho sasa ninayo. Nitamwambia mwanangu nafunga mabegi, mialoni ikitoa jasho tena nitakuwa nyumbani."

Ningejibu nini? Mimi mwenyewe sijui kama vilikuwemo. Ninachojua ni kwamba sikutazama. Nikasema, "Shangazi, mtandao unakatika," nikazima simu, na mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Tangu Jumanne nafikiria. Nikimwambia, atarudi, namjua. Atarudi kwenye kijiji ambacho sasa hakina hata Stoil, kwenye njia ile ya mawe, kwenye theluji, na mtu pekee atakayemfikia ni yule ambaye siku alipohitaji macho alimpa maneno. Nisipomwambia, atabaki Burgas penye joto, karibu na binti yake, na atakwenda kaburini akiamini kwamba aliwaua nyuki wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho ni Ijumaa. Nitagonga mizinga ishirini, nitashuka mpaka ngazi ya shule, na simu italia. Ndugu yangu, ungekuwa wewe pale, ungemjibu nini?